Baridi ya mwisho wa msimu Minnesota: namna ya kusoma utabiri na kujipanga kabla theluji haijaanguka

Mwaka ambao shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Morogoro, ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Asubuhi moja nilirudi kutoka shifti ya usiku nikamkuta kwenye roshani yetu ya ghorofa ya pili anaanika kanga. Jua lilikuwa limewaka, theluji ya uwanjani inang'aa mpaka macho yanauma.

“Shikamoo shangazi. Ingia ndani basi, utaumwa.”

“Marahaba mwanangu. Nianike ndani, na jua lote hili liko nje?”

Aliposhika ncha ya kanga ili ainyooshe, ilikuwa imeshakakamaa kama kibao cha mbuzi. Akaigonga kwa kucha, ikalia ko, ko, ko. Akaniangalia mimi, akaliangalia jua. “Kumbe hili jua ni la mapambo,” akasema, akaingia ndani anapuliza viganja.

Jua hilo la mapambo ndilo linalotuponza wengi. Januari haidanganyi mtu: kila mmoja anavaa, anajaza mafuta, anakaa kwake. Ni kuanzia katikati ya Februari, siku zinaporefuka na maduka yakaanza kupanga mbegu za bustani, ndipo watu wanapoacha glavu mezani na kutoka na viatu vya raba. Kumbukumbu za jimbo hili haziwatetei. Rekodi ya baridi ya Minnesota, nyuzi 60 za Fahrenheit chini ya sufuri, iliwekwa katika mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996. Februari ya 2019 ilimwagia Minneapolis inchi 39 za theluji, kuliko Februari yoyote iliyowahi kupimwa hapa. Na Aprili 2018, ndugu zetu nyumbani wakiwa kwenye masika, sisi tulishushiwa zaidi ya futi moja ya theluji mwisho wa wiki mmoja.

Ninaandika kwa wanaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake. Mkongomani aliyeko Iowa au Maine atakuta mengi yanamfaa pia, ila sheria za kuegesha gari aulizie za mji wake.

Kwanza, zizoee namba zao

Utabiri wa Marekani hutolewa kwa Fahrenheit. Usijitese kugeuza kila namba, shika alama nne tu kichwani. 32 ndipo maji yanapoganda, yaani sufuri yetu ya Selsiasi. Sufuri yao ni kama −18 yetu. −40 ni ileile kwa vipimo vyote viwili. Na 50, ambayo huku Machi wanafunzi wakiiona wanavaa kaptula, ni kama nyuzi 10, asubuhi ya Njombe au Limuru mwezi wa saba.

Pembeni ya joto la hewa utaona namba nyingine ya chini zaidi: baridi ya upepo. Kipimajoto kikisoma 0 na upepo ukivuma maili 15 kwa saa, mwili unaumia kama vile ni −19, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Watu huzichanganya namba hizi mbili. Betri ya gari na mabomba ya maji upepo unaweza kuvipoza haraka, lakini haviwezi kushuka chini ya joto halisi la hewa. Kwa hiyo kwa gari na nyumba soma joto la hewa, na kwa mtoto anayesubiri basi la shule kona ya barabara soma baridi ya upepo.

Halafu kuna saa, na huu ni mtego wetu sisi wenyewe. Niliwahi kumpigia rafiki yangu nikamwambia theluji itaanza saa tatu usiku, atoke kazini mapema. Yeye kakulia huku. Akaielewa saa tatu kama wanavyoihesabu wao, yaani saa tisa za alfajiri kwetu, akamaliza zamu yake bila wasiwasi. Alipotoka, theluji ilikuwa na saa mbili inashuka, na safari ya dakika ishirini ikamchukua saa moja na nusu. Tangu siku hiyo utabiri ninauandika kama simu inavyousoma: 9 PM, basi.

Siku 14 hadi 8 kabla: tazama rangi, usinunue kitu

Kituo cha serikali kiitwacho Climate Prediction Center hutoa kila siku ramani ya siku 6 hadi 10 zijazo, na nyingine ya siku 8 hadi 14. Bluu ni uwezekano wa baridi kuliko kawaida, rangi ya machungwa ni joto kuliko kawaida. Ramani hizi husomwa vibaya sana. Ukiona eneo lako limeandikwa asilimia 60 ndani ya bluu, hujaambiwa baridi itakuwa kali kiasi gani. Umeambiwa tu kwamba uwezekano wa kuwa chini ya kawaida ni 60, wakati ambapo bila dalili yoyote kila fungu kati ya matatu, yaani baridi, wastani na joto, lingekuwa na 33. Kumbuka pia kwamba hiyo “kawaida” hupanda kila wiki. Bluu ya Januari ni balaa. Bluu ya mwisho wa Machi yaweza kuwa nyuzi 25 na jaketi lako la kila siku.

Huu pia ndio wakati utasikia kwenye habari wanataja polar vortex, na makundi ya WhatsApp yanajaa ramani za zambarau. Jambo lenyewe liko hivi. Juu sana angani, kilomita 15 hadi 50 kutoka ardhini, msimu wa baridi kuna pepo kali zinazozunguka ncha ya kaskazini. Zichukulie kama boma la zizi, na ng'ombe wa baridi wamo ndani. Miaka mingine hewa ya huko juu hupata joto ghafla, kwa nyuzi nyingi ndani ya siku chache, boma likapinda au likagawanyika. Ng'ombe hawatoki siku hiyohiyo. Huonekana wiki kadhaa baadaye, na boma kubomoka peke yake hakusemi wataingia shamba la nani. Mwanzoni mwa Januari 2021 boma lilibomoka hivyo. Katikati ya Februari baridi ikashuka hadi Texas, zaidi ya nyumba milioni 4 zikakosa umeme, na idara ya afya ya jimbo hilo ikahesabu vifo 246. Wanasayansi wanaendelea kujadili ni kwa kiasi gani jambo la kwanza lilisababisha la pili, lakini ukisikia boma limetikisika, usifunge begi la makoti.

Kazi za hatua hii ni zile zinazochukua muda. Badilisha chujio la hita. Agiza dawa zako za mwezi. Na kama bili ya gesi au umeme imekulemea, piga simu kwa kampuni sasa, kabla ya baridi. Minnesota ina sheria iitwayo Cold Weather Rule, inayofanya kazi tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili: hawakukatii huduma ya kupasha joto nyumba mkikubaliana mpango wa malipo nawe ukautimiza. Kinga hii haiji yenyewe. Anayekaa kimya hukatiwa. Namba 211 itakuelekeza kwenye msaada wa kulipia joto, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Siku 7 hadi 4: uliza dhoruba inatoka wapi

Ukiona programu ya simu inakuonyesha “inchi 14” siku sita kabla, funga simu ukapike. Mara nyingi namba hiyo imetoka kwenye mahesabu ya kompyuta peke yake, hakuna binadamu aliyeitazama, na mahesabu yanayofuata baada ya saa chache yataibadilisha. Chenye manufaa siku hizi ni kujua aina ya dhoruba.

Kwetu zinakuja hasa za namna mbili. Kuna zinazoteremka kutoka Alberta, Kanada: zinakimbia, zinaacha inchi chache za theluji kavu kama unga wa muhogo, kisha nyuma yake upepo na baridi ya kukata. Na kuna zinazozaliwa upande wa Colorado, zikanyonya unyevu wa kutoka Ghuba ya Mexico na kupanda kuja huku polepole. Hizi ndizo zinazoongezeka Machi, nazo ndizo zinazoleta theluji nzito iliyolowa, inayovunja matawi na nyaya za umeme.

Dhoruba ya Colorado ina mstari, upande mmoja theluji, upande mwingine mvua, na katikati mvua inayoganda ikigusa chochote. Tofauti ya nyuzi mbili tu hugeuza inchi 10 za theluji kuwa mvua, na mstari ukisogea maili 30 utabiri wote wa Minneapolis unabadilika. Ndiyo maana watabiri husema kwa kujihami, nawe usiwacheke. Upande wenye joto wa dhoruba kama hizi hata radi hupiga. Tarehe 6 Machi 2017 Minnesota ilipata tonado, mapema kuliko mwaka mwingine wowote katika kumbukumbu zake. Ving'ora vikilia mwezi wa tatu, usidhani vimeharibika. Shuka kwenye chumba cha chini kabisa cha nyumba.

Ushauri wangu kwa siku hizi ni mmoja: ingia weather.gov, andika namba ya posta ya mtaa wako, kisha tafuta sehemu iitwayo Forecast Discussion. Ni maelezo ya watabiri wa ofisi ya Chanhassen, wanayoandika kila siku kueleza wanawaza nini. Kiingereza chake kina maneno ya kitaalamu, lakini tafuta neno moja tu: confidence. Wakisema low, bado wanapapasa. Wakisema high, anza kuorodhesha vitu vya dukani.

Siku 3 hadi 2: maneno matatu yanayochanganya

Watch, advisory, warning. Kwa Kiswahili yote matatu tungeyaita tahadhari, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. “Watch” maana yake ni huenda, jiandae. “Advisory” inakuja kwa hakika au imeshafika, itakusumbua na inaweza kukuumiza ukizembea. “Warning” inakuja kwa hakika au imeshafika, na inaweza kuua. Kwa hiyo advisory iko chini ya warning, ingawa neno lake ni refu na linatisha zaidi. Mama mmoja kanisani kwetu alikuwa anabaki nyumbani kila ikitoka advisory, na ikitoka warning anakwenda kazini kwa kuona wanamwonya tu.

Kama uko huku muda mrefu, utakuwa ulizoea Wind Chill Warning. Tangu Oktoba 2024 jina hilo limebadilishwa kuwa Extreme Cold Warning, na dogo lake likawa Cold Weather Advisory.

Neno blizzard nalo lina kipimo chake, halitajwi ovyo. Ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, theluji inayopeperuka hadi huoni robo maili mbele, na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi. Angalia, hakuna inchi katika maelezo hayo. Inchi mbili za theluji kavu iliyolala shambani tangu juzi zinatosha, upepo ukiinuka. Mjini majengo hukukinga, ukitoka tu kwenye barabara kuu kati ya mashamba unajikuta ndani ya gunia jeupe.

Nenda dukani sasa, siyo jioni ya mwisho ambapo rafu za mkate na maziwa zimebaki mabati. Maji, dawa, maziwa ya mtoto, betri za tochi, chakula kinacholika bila kupikwa. Unga wa ugali ni mzuri, lakini umeme ukikatika na jiko lako ni la umeme hautakusaidia, kwa hiyo nunua na mkate na karanga.

Siku moja kabla

Sasa zisome zile namba. Weather.gov ina grafu ya saa kwa saa, nami naiona bora kuliko picha zote za simu: inakuonyesha theluji inaanza lini, upepo unapanda lini, joto linaanguka lini. Mambo hayo matatu hayaji pamoja, na mpango wako wa kutoka na kurudi unakaa katikati yake. Wakiandika inchi 5 hadi 9, jipange kwa 9. Na kadiri baridi inavyozidi ndivyo theluji inavyokuwa nyepesi: maji ya inchi moja huleta theluji kama inchi 10 hewa ikiwa karibu na 32, na huweza kufika 20 kwenye baridi kavu.

Nyumba. Fungua milango ya makabati chini ya sinki zilizo kwenye ukuta wa nje, joto la chumba liyafikie mabomba. Usiku wenye nyuzi chini ya sufuri acha bomba lidondoke matone. Hata ukisafiri, usiteremshe hita chini ya nyuzi 55. Tafuta mabomba meupe ya plastiki yanayotoka ukutani nje ya nyumba, hayo ndiyo hita inayopumulia, na uyajue yalipo kabla hayajafukiwa.

Hapa kuna jambo ambalo sitalipitia haraka. Umeme ukikatika, mkono wa mtu aliyekulia kwetu unalikumbuka jiko la mkaa. Ninawajua watu waliolisafirisha kwenye sanduku kutoka Nairobi kwa ajili ya nyama choma ya kiangazi. Lisiingie ndani. Wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Kule kwetu upepo ulipita chini ya mlango na juu ya ukuta, na bado kila msimu wa baridi nyanda za juu watu hufa kwa kulala na jiko. Mwaka 2021 kule Texas wapo waliokufa hivyo wakijaribu kuwapasha watoto wao joto. Jenereta nayo ikae futi 20 kutoka nyumbani, na bomba lake la moshi lielekee mbali na madirisha. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksaidi iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Bonyeza kitufe chake leo usikie inavyolia. Ikilia usiku na kichwa kinauma, tokeni wote nje kwanza, hata na blanketi, kisha mpige 911.

Gari. Betri inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye 32 na zaidi ya nusu kwenye 0, kwa hiyo iliyokuwa inasuasua Desemba itakufa leo. Jaza tenki. Weka maji ya waipa yasiyoganda. Yale ya bluu ya bei rahisi ya kiangazi yanageuka barafu kwenye kioo ukiwa mwendoni, na kwa sekunde tano huoni kitu kabisa. Inua waipa zisigandie kiooni. Ndani ya gari kuwe na beleshi dogo, blanketi, tochi, waya za kubusti, kitu cha kula, kofia na glavu za ziada, na mfuko wa mchanga wa kawaida au ule wa choo cha paka, wa kumwaga chini ya tairi likiteleza. Asubuhi usimwage maji ya moto kwenye kioo kilichoganda. Kitapasuka.

Nguo. Pamba ndiyo adui: ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto. Anza na nguo ya ndani ya sufu au polista iliyobana mwili, juu yake sweta nene, kisha koti la kuzuia upepo. Glavu za mfuko, zile vidole vinakaa pamoja, zina joto kuliko za vidole vitano. Buti ziwe na nafasi, kwani soksi tatu ndani ya buti inayobana ni baridi kuliko soksi moja kwenye buti inayopumua.

Mtoto wa kiti cha gari nitamtaja peke yake. Usimfunge mkanda juu ya koti nene la manyoya. Koti hilo hugandamizwa gari likigonga, mkanda ukabaki umelegea, mtoto akachomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ubane, halafu koti au kitenge kizito juu yake. Tuna ujuzi wa kumfunika mtoto kwa kitenge kuliko mtu yeyote, tuutumie.

Siku yenyewe

Kama unaweza kutotoka, usitoke. Lakini najua wasomaji wengi wa mwongozo huu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee na hospitali, ambako zamu haifungwi kwa theluji. Tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilipofika −28 kabla hata ya kuhesabu upepo, posta ilisimamisha kugawa barua Minnesota, na bado wagonjwa walihitaji kugeuzwa kitandani. Basi piga simu mapema, uliza kama unaweza kwenda kabla theluji haijaanza ulale kazini. Tazama barabara kwenye 511, huduma ya jimbo inayoeleza hali ya barabara. Mwambie mtu unatoka saa ngapi na unapita wapi.

Barabarani fanya kila kitu polepole, hasa breki. Gari likiteleza toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani upande huohuo kwa upole. Lami inayoonekana imelowa tu, na magari ya mbele hayarushi maji, hiyo ni barafu. Madaraja huganda kwanza. Na usilipite lori la kuondoa theluji, barabara iliyo mbele yake ni mbaya kuliko iliyo nyuma yake.

Ukikwama, kaa ndani ya gari. Wanaotoka kutafuta msaada kwenye dhoruba hupotea hatua chache kutoka mlangoni. Kwanza futa theluji kwenye bomba la moshi, kisha washa injini kama dakika kumi kila saa, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye antena au mlango.

Ujue mwili unavyosema. Ukitoka kwenye baridi ya kweli, vinyweleo vya puani vinaganda kwa pumzi ya kwanza, na theluji chini ya buti inalia kama unakanyaga wanga. Hayo ni ya kawaida. Siyo kawaida ncha ya pua, sikio au kidole kuacha kuuma. Kwenye ngozi nyeupe hugeuka nyeupe au kijivu, kwetu sisi weusi huonekana kama sehemu iliyopauka au yenye majivu, ngumu kama nta, kwa hiyo usingoje rangi, sikiliza ganzi. Ingia ndani, loweka kwenye maji ya vuguvugu, siyo ya moto, wala usisugue, wala usipake theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Mtu akitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka huku maneno yanamkwama kama mlevi, joto la mwili wake limeshuka. Hiyo ni 911.

Theluji ikikoma

Mjini Minneapolis hutangazwa Snow Emergency, na hapa ndipo pesa zetu nyingi hupotea kwa magari kukokotwa. Zipo siku tatu. Siku ya kwanza, 9 PM hadi 8 AM, usiegeshe upande wowote wa barabara zenye kibao cha Snow Emergency. Siku ya pili, 8 AM hadi 8 PM, usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa mingine. Siku ya tatu, saa hizohizo, upande wa namba witiri. Saint Paul ina utaratibu wake, usidhani ni uleule kwa kuvuka mto tu.

Njia ya miguu mbele ya nyumba yako uisafishe ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Majengo ya fleti na maduka yana muda wa saa nne tu za mchana. Theluji ya Machi ni nzito kama saruji iliyochanganywa, na kila mwaka watu wenye umri mkubwa huanguka na moyo wakiwa na beleshi mkononi. Sukuma badala ya kuinua, chukua kidogokidogo, pumzika. Mzee wako anayetumia dawa za presha asiguse beleshi, hata akikwambia alilima ekari tatu kwa jembe.

Kisha huja ujanja wa mwisho wa Machi: mchana jua linayeyusha, maji yanatambaa kwenye njia, usiku yanaganda upya. Hospitali hujaa mikono iliyovunjika siku ambazo hakuna dhoruba yoyote kwenye utabiri. Fukua tundu la mfereji wa mtaani ili maji yaende. Chumvi itumie kidogo, kikombe kimoja cha kahawa kinatosha vibamba kumi vya njia ya miguu, na chini ya nyuzi 15 haifanyi kazi, mwaga mchanga. Tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Barafu ya ziwani ikae mbali nawe kipindi hiki. Inchi 4 zinazombeba mtu ni za barafu mpya iliyo wazi kama kioo. Ile ya Machi, nyeupe na yenye vishimo, haina namba ya kuaminika hata ikiwa nene.

Beleshi langu mimi hulihifadhi mwisho wa Aprili, na buti za watoto hubaki mlangoni mpaka siku hiyo. Shangazi aliondoka kabla ya hapo. Ile kanga hakuitoa kambani siku ileile, aliigomea kwa hasira, na kesho yake jioni tulipoishika ilikuwa laini na imekauka kabisa, kwa sababu barafu kwenye hewa kavu huondoka taratibu bila hata kuyeyuka. Akaikunja, akaitia begini. “Basi mngeniambia mapema kwamba huku nguo huanikwa siku mbili,” akasema.